Kufika mbugani bila gari lako: Mikumi, Udzungwa na Coaster ya mtaani

Nimefundisha Jiografia hapa Morogoro mpaka nikastaafu, na miaka mingi nimekuwa mlezi wa klabu ya Malihai, ile ya wanafunzi wapenda wanyamapori, shuleni. Ukiwauliza watoto wa mji huu nani ameshafika Mikumi, mikono inanyooka darasa zima. Waulize nani ameingia getini, inabaki miwili mitatu. Barabara kuu ya Dar kwenda Iringa na Mbeya inaikata hifadhi kwa takriban kilomita 50, kwa hiyo kila anayekwenda kwa babu Iringa ameona twiga dirishani, na basi halisimami. Mtoto anakua akiamini kwamba mbuga ni kitu cha kupita.

Watu wengi wakiniambia kwa nini hawajaingia, wanataja kiingilio. Mimi nawaomba tukae tupige hesabu. Raia mtu mzima Mikumi hulipa shilingi 5,000, ukiongeza VAT inakuwa 5,900, na mtoto wa miaka 5 hadi 15 hulipa 2,000 na VAT yake. Hiyo ni bei ya kuku nusu na chipsi. Kinachomzuia mama wa soko la Mawenzi ni kwamba Mikumi kuna simba na nyati, huruhusiwi kutembea kwa miguu kiholela, bodaboda na bajaji hazipiti geti, na gari la kukodi peke yake linakula mtaji wa mwezi. Kikwazo ni usafiri. Ukishautatua huo, vingine vyote vinajipanga. Haya ninayoandika ni ya mtu asiye na gari, asiye na wakala wa utalii, lakini ana majirani.

Safari ina vipande vitatu

Kipande cha kwanza ni kutoka nyumbani mpaka mji ulio karibu na hifadhi. Hapo Tanzania hatuna shida, mabasi yapo. Cha pili ni kutoka mjini mpaka getini. Cha tatu ni kutoka getini kwenda ndani na kurudi. Watu hupanga cha kwanza vizuri kabisa, cha pili wanakibahatisha, cha tatu hawakifikirii hata kidogo. Wanashushwa getini Mikumi saa nne asubuhi na mabegi yao, wanauliza gari la kuzungukia liko wapi, wanaambiwa hakuna mpaka ulipange mapema. Geti liko katikati ya pori. Mji wa Mikumi uko mbele, kilomita ishirini na ushee, na kutembea kandokando ya lami ile ni hatari kwa wanyama na kwa malori. Nimekutana na familia nzima imekaa pale chini ya mti ikisubiri basi la kuwarudisha. Wamelipa nauli ya kutoka Dar, wameishia kwenye bango.

Basi anza kupanga kutoka nyuma. Jibu kwanza: ndani tutazunguka na nini? Ukilipata hilo, ndipo ushuke kwenye swali la tutafikaje getini, na mwisho tutatokaje nyumbani.

Kama huna gari kabisa, chagua hifadhi ya miguu

Kabla ya kuhangaika na Coaster ya kukodi, jua kwamba ziko hifadhi zisizodai gari ndani, na wengi hawazijui. Ya kwanza kwetu ni Milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na ndani yake ni njia za miguu tu. Ukiwa Msamvu, stendi kuu ya Morogoro, panda basi la Ifakara. Litapita katikati ya Mikumi, kwa hiyo twiga utawaona bure, kisha mji wa Mikumi litakata kushoto kuelekea Kidatu. Mwambie konda akushushe Mang'ula, geti la Udzungwa. Unatoka kituoni na mguu wako mpaka ofisi ya hifadhi. Kipande cha pili na cha tatu vimekwisha hapo hapo.

Njia maarufu ni ya maporomoko ya Sanje, maji yanayoanguka mita 170. Hiyo inahitaji nusu siku, magoti mazima na viatu vyenye meno, na mahali pa kuanzia kupanda pako mbali kidogo na ofisi, kwa hiyo tenga hela ya bodaboda au bajaji ya kwenda Sanje. Mwongozaji unapewa na hifadhi, usijaribu kupanda peke yako. Kwa wazee na watoto wadogo kuna njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard karibu na ofisi. Nimempeleka mama yangu mdogo mwenye kisukari akaenda taratibu, akapumzika, akafika. Na huko msituni ukitulia utamwona mbega mwekundu wa Udzungwa, na ukibahatika mangabe wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu. Wote wawili hawapatikani popote duniani nje ya milima hii na misitu ya jirani yake. Mtu amekuja kwa basi la abiria na kuona kitu ambacho hata mwenye helikopta lazima aje huku huku akione.

Walioko Dar wana msitu wa Pugu–Kazimzumbwi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kutoka Gongo la Mboto kuna daladala za Kisarawe. Hamna tembo wa kupiga picha, ila kuna msitu wa asili, hewa, na mahali pa kufundishia watoto kwamba mti una jina. Kwa darasa la chini naona panatosha.

Coaster

Kwa Mikumi lazima gari, na gari la mwananchi ni Coaster. Noah inafaa familia moja, lakini iko chini: nyasi za uwanda wa Mkata, ndani ya hifadhi, zikiwa ndefu unaona mabua na masikio tu. Coaster iko juu, madirisha yake mapana yanasogezwa, na gharama inagawanyika kwa watu wengi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo safari zinapofia.

Anza na msimu. Masika, Machi hadi Mei, achana nayo. Udongo wa Mkata ni ule mweusi wa mbuga, ukilowa unashika tairi kama ugali mbichi unavyoshika mwiko, na Coaster haina nguvu ya magurudumu yote. Mvua zikikatika Juni barabara zinakauka lakini nyasi bado zimesimama. Mimi hupenda Agosti mpaka mwanzoni mwa Oktoba: nyasi zimepungua, maji yamebaki sehemu chache, wanyama wanakusanyika huko na dereva hana haja ya kuingia vichochoroni. Kabla ya kulipa chochote, piga simu ofisi ya hifadhi, uliza swali moja la wazi: Coaster isiyo na fowili inapita barabara zipi wiki hii? Watakutajia. Andika majina ya barabara hizo na umpe dereva karatasi.

Halafu watu. Usitangaze safari kwa kila mtu, tafuta kikundi ambacho tayari kinaaminiana kwenye hela: VICOBA, kwaya, wazazi wa darasa moja, wamama wa mchezo. Hao wameshazoea kuchanga kila wiki na wana mweka hazina wanayemjua nyumbani kwake. Anzeni kuchanga miezi mitatu kabla. Elfu mbili kwa wiki haimuumizi mtu, lakini elfu ishirini na tano kwa mkupuo inamtoa kwenye orodha yule yule uliyetaka aende.

Hesabu yenyewe ifanye hivi. Tuseme mwenye gari anataka 420,000 kwa siku, mafuta anatoa yeye, na gari lina viti 28 vya abiria. Kishawishi ni kugawa kwa 28 upate 15,000. Usifanye hivyo. Gawa kwa 25, inakuwa 16,800. Siku ya safari watu watatu hawatakuja, mmoja kafiwa, mwingine mtoto anaumwa, wa tatu hana sababu. Ukiwa umegawa kwa 25 hakuna deni. Wakija wote 28, ile 50,400 ya ziada inasaidia kulipia kiingilio cha gari, ambacho watu husahau kwamba kipo. Gari hulipiwa kwa uzito wake, na uzito umeandikwa kwenye kadi ya gari. Mwombe mwenye gari picha ya kadi mapema, itume hifadhini, wakupe kiasi kamili.

Malipo yote ya hifadhi yanapita kwa namba ya malipo ya serikali, ile kontrol namba. Usibebe burungutu la noti mpaka getini. Peleka orodha mapema: raia wangapi watu wazima, watoto wangapi na umri wao, gari la uzito gani. Lipa kwa simu au benki, beba risiti kwenye karatasi na kwenye simu. Kila mtu mzima aje na kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura, kwa sababu bei ya raia ni ya anayethibitisha kuwa raia. Kikundi cha wanafunzi kiende na barua ya mkuu wa shule na ridhaa za wazazi, na muulize kuhusu punguzo la safari za masomo.

Sasa gari lenyewe. Daladala ina leseni ya njia yake. Ukiitoa Kihonda–Mjini ukaipeleka Mikumi bila kibali cha safari ya kukodi kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, trafiki atakusimamisha na atakuwa na haki. Kuomba kibali ni kazi ya mwenye gari, ila wewe ndiye utakayekaa juani na watoto, kwa hiyo usitoe malipo ya mwisho kabla hujakiona. Nenda ukalione gari mchana, si usiku. Tazama spea: ipo, ina upepo, na jeki na spana zipo? Mikanda ya viti inafungika? Madirisha yanasogea au yamegandishwa kwa misumari? Mlango wa dharura unafunguka? Mwenye gari akikasirika kwa maswali haya, tafuta mwingine.

Na dereva. Ongea naye yeye mwenyewe, si tajiri wake. Dereva wetu mmoja alifika getini akasema yeye aliambiwa ni kuwaleta tu, kuzungusha hakuna. Tulimaliza saa nzima tukimbembeleza huku jua linapanda na wanyama wanaingia kivulini. Tangu hapo makubaliano yanaandikwa: saa ya kuondoka, barabara za ndani kama hifadhi ilivyotuambia, saa ya kutoka getini, mwendo wa pole, hakuna honi, hakuna muziki ndani ya hifadhi, posho yake ya chakula. Anasaini. Madereva wa daladala ni watu wenye macho makali sana, wamezoea kuona abiria kwa mbali. Ukimweleza vizuri anageuka kuwa mwongozaji bora, anamwona simba kabla ya wewe kufungua mdomo. Lakini bado chukua mwongozaji wa hifadhi kama kuna nafasi. Malipo yake yakigawanywa kwa watu 25 ni kidogo, na anajua bwawa la viboko liko upande gani na ni wapi pa kushuka.

Kushuka ni jambo la kulisema mara tatu kabla ya geti. Ndani hushuki mahali popote isipokuwa palipotengwa, kama pale bwawani. Kwa hiyo haja zote zimalizwe getini, na hili lipange kwa heshima, hasa kwa wazee na akina mama wenye watoto. Nahesabu muda wa choo kama ninavyohesabu muda wa barabara.

Viti hugombewa. Upande wa dirisha unaona, wa katikati hauoni, kile cha nyongeza kinachokunjwa hakioni kabisa. Ninachofanya ni kuwabadilisha watu kila tunapoegesha, waliokuwa ndani wanahamia dirishani. Waambie kabla ya kuondoka nyumbani ili asije mtu akasema amelipia kiti chake.

Sasa niseme kuhusu wenzetu wanaotumia kiti cha magurudumu, kwa sababu wanaachwa na safari nyingi kwa kimya tu, hakuna hata anayewauliza. Ngazi za Coaster ni nyembamba na za juu. Kinachofanya kazi ni kumwuliza mhusika mwenyewe anapenda kubebwa vipi na nani, kumtengea kiti cha kwanza nyuma ya mlango ambapo kioo ni kikubwa, na kukikunja kiti chake kikae nyuma kwa kamba. Akitaka gari la chini, kiangazi Noah yenye mlango wa kusukuma inaingia barabara kuu za ndani. Apate na mtu wa kumsaidia ambaye hakulipishwa mchango. Gharama ya huyo msaidizi tuliigawa kwa wote, ilikuwa hela ndogo mno na hakuna aliyelalamika.

Ondokeni Morogoro saa kumi na moja alfajiri. Ni karibu kilomita 100 mpaka geti, kwa hiyo hata kama mnasimama Doma kuokota mtu, saa moja na nusu mko ndani wakati simba bado hajalala. Barabara kuu ndani ya hifadhi ina matuta na vibao vya mwendo, na bango la faini kwa kila aina ya mnyama anayegongwa. Mwonyesheni dereva bango hilo wakati wa kwenda. Chakula kipikwe jana yake: pilau, mayai ya kuchemsha, maji ya kutosha. Msile mkiwa na nyani karibu, wanaingia dirishani. Takataka zote zirudi na gari. Saa tisa alasiri muwe mnatoka, na kundi la watoto mimi silirudishi usiku, hata kama kuna chui juu ya mti.

Walioko Dar

Tangu Juni 2024 kuna treni ya SGR mpaka Morogoro, na hii imebadilisha hesabu kwa mkazi wa Dar asiye na gari. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000, na safari haifiki saa mbili, wakati kwa barabara foleni ya Kibaha hadi Chalinze peke yake inaweza kumaliza asubuhi yako. Pandeni treni ya asubuhi ya kwanza, kateni tiketi za kurudi jioni siku hiyo hiyo, kodini Coaster ya Morogoro iwasubiri stesheni. Coaster ya hapa ni nafuu kuliko ya Dar kwa sababu inakwenda umbali mfupi, na dereva anaifahamu barabara. Ila asiyefika stesheni mapema treni inamwacha, haina huruma ya basi. Kwa kundi kubwa kateni tiketi siku nyingi kabla, mwishoni mwa wiki hujaa. Na tahadhari moja: ukipitisha muda ndani ya mbuga, treni ya kurudi imekwenda. Acheni nafasi ya saa mbili nzima kati ya geti na stesheni kuzidi muda wa njia.

TAZARA nayo isisahaulike. Reli ile inapita ndani ya eneo la Hifadhi ya Nyerere kabla ya kufika Kisaki, kisha inaendelea hadi Mang'ula na Ifakara. Kwa nauli ya abiria wa kawaida unaweza kuona wanyama kutoka behewani kwa kitambo kirefu. Ratiba yake hubadilika, uliza stesheni kabla ya kufunga mzigo, na usipange kurudi kazini kesho yake.

Kudai usafiri wa kudumu

Coaster ya mchango inafaa mara moja kwa mwaka. Lakini hifadhi ni mali ya wananchi siku zote, na mtu mmoja mmoja anapaswa kuweza kuamka Jumamosi akaenda. Hilo linahitaji gari la kila wiki, kituo chenye kivuli getini, na barabara inayopitika. Vinaombwa, na kuomba kuna utaratibu wake.

Barua nyingi za wananchi hufa kwa sababu zimepelekwa mlango usio wake. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya, za vijijini na mitaani ni za TARURA tangu 2017. Zilizo ndani ya hifadhi ya taifa ni za TANAPA yenyewe, shirika la hifadhi za taifa. Leseni ya njia ya gari la abiria na vituo vyake ni mambo ya LATRA. Ukimwandikia mkuu wa hifadhi kuhusu daraja la kijiji chako, atakujibu kwa upole kwamba si lake, na mwaka umepita. Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, uliza kila kipande cha njia kina mwenyewe gani. Meneja wa TARURA wa wilaya atakuambia ukimwendea ofisini.

Kusanya ushahidi. Daftari la shule linatosha. Kijana mmoja akae Msamvu, mwingine kituo cha Mikumi mjini, Jumamosi na Jumapili kwa wiki kadhaa za kiangazi. Waandike tarehe, saa, wametokea wapi, wako wangapi, walitaka kwenda hifadhini au la, walipata gari au hawakupata. Majina hayahitajiki. Ofisa akiona kurasa zilizojaa kwa kalamu mbili tofauti, maongezi yanabadilika, maana mpaka hapo alikuwa anasikia "watu wengi wanataka" na kila mtu husema hivyo.

Wazo lipite kwenye mkutano wa mtaa au wa kijiji, liingie kwenye muhtasari, mwenyekiti na mtendaji wasaini na kugonga muhuri. Barua ipande kwa mtendaji wa kata, iende halmashauri kwa idara inayoshughulikia maliasili na utalii, nakala kwa diwani, nakala kwa mkuu wa hifadhi. Vijiji vinavyopakana na hifadhi viitumie pia idara ya ujirani mwema ya TANAPA. Ndiyo idara inayokutana na wanavijiji, na watu wake wanajua kwamba kijana aliyewahi kumwona tembo kwa utulivu akiwa ndani ya gari hamfikirii tembo kama mwizi wa mahindi peke yake. Omba vitu vichache vinavyopimika. "Kituo chenye paa na benchi getini" kinaweza kukaguliwa. "Kuboresha miundombinu" hakikaguliki.

Angalia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na madiwani hupitia rasimu ya bajeti miezi ya mwanzo ya mwaka. Barua ya Mei imechelewa hata kama ni nzuri. Ipeleke Oktoba, daftari la kiangazi likiwa bado na vumbi la barabarani.

Kuhusu gari la kila wiki, njia ninayoiamini ni ya vijana wenyewe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo wa gari. Mpango wa biashara usitegemee mbuga peke yake, kwa sababu wageni wa Jumatano hawapo. Gari lifanye njia ya kawaida siku za kazi, tuseme Mikumi hadi Kidatu, na Jumamosi na Jumapili liende kati ya geti la Mikumi na la Udzungwa kwa saa zinazojulikana, liwe na watu au lisiwe na watu. Hapo kwenye "lisiwe na watu" ndipo vijana wengi hukata tamaa wiki ya pili. Abiria haamini ratiba mpaka aone gari limeondoka na viti vitupu kwa saa yake, na ndipo anaanza kuwaambia wengine. Ingizeni hasara ya miezi ya kwanza kwenye maombi ya mkopo, mwiteni ofisa maendeleo ya jamii aipitie hesabu kabla hamjawasilisha.

Na kabla kikao cha madiwani hakijakaa, mpe diwani wako kiti kwenye Coaster. Mwache alipe 16,800 yake kama wengine, akae kile kiti cha kukunjwa mpaka zamu ya dirisha imfikie. Barua yako atakuwa ameshaisoma. Mkirudi, kesho yake asubuhi mpelekee nakala ya daftari na ya muhtasari wenye muhuri, na umwombe akutajie tarehe ya kikao.